Nilianza na Ngazi ya Saba

Nilimwachisha mgonjwa dawa. Natanguliza hilo kwa sababu nimelizunguka muda mrefu mno. Mgonjwa mwenyewe ni mtoto wa shangazi yangu, na majirani zetu hapa mtaani Ngezi, mjini Bunia, wanaijua habari yake nusu. Nusu wanayoijua ni ile niliyowapa mimi, nami niliipika. Leo natoa iliyobaki.

Mdogo wangu huyo alifika Bunia mwanzoni mwa mwaka 2018, wakati watu wa Djugu walipokuwa wakikimbia kwa maelfu, wengine wakiteremka hadi Ziwa Albert kupanda mitumbwi ya kwenda Uganda, wengine wakija mjini na godoro kichwani. Yeye alikuja mikono mitupu. Aliyoyaona njiani siyasimulii, kwa kuwa hajaniruhusu. Shangazi alimpa kitanda katika chumba cha nyuma, na kwa miaka miwili hivi tulimwona mzima: anachota maji, anafyatua matofali, anabishana mambo ya mpira. Kisha akaanza kuongea na watu tusiowaona. Usingizi ukamtoka. Usiku anasimama uani akijibu sauti, anaziomba msamaha kwa kosa ambalo hakuna kati yetu aliyelijua.

Shangazi alimpeleka kituo cha afya. Palikuwa na muuguzi aliyepata mafunzo ya magonjwa ya akili, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Mama Muganga. Akampa haloperidoli. Baada ya mwezi mmoja sauti zilipungua na mdogo wangu akalala. Lakini dawa nayo ilidai ushuru wake. Mwili ulikakamaa, akawa anatembea kama mtu aliyebeba mlango mgongoni. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo, na vijana wa mtaa wakampa jina ambalo sitaliandika.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, niliyesoma India.

Neno hilo kwetu lina uzito. Ukitaja India hapa Bunia, watu wanafikiria hospitali, maana ndiko wanakopelekwa wenye uwezo wakati figo au moyo vimeshindikana nyumbani. Mimi nilikwenda Bengaluru kusoma kompyuta, nikakaa miaka mitatu, na leo natengeneza simu kando ya barabara. Lakini mtu akiniuliza habari ya maumivu ya mgongo, ya presha, ya mtoto asiyelala, nilikuwa na jibu. "Wewe umeishi na Wahindi, unajua," waliniambia, nami sikuwahi kusema sijui. Heshima ya bure ni tamu, na huwa huulizi imetoka wapi.

Katika miaka ile mitatu nilipita mara nyingi kwa basi mbele ya geti la NIMHANS, taasisi ya taifa ya afya ya akili, iliyoundwa mwaka 1974 kwa kuunganisha hospitali ya wagonjwa wa akili na chuo cha kufundishia fani hiyo. Sikuingia hata siku moja. Niliingia mahali pengine: kozi ya siku 10 za kimya, kwa mafundisho ya S. N. Goenka, yule mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Burma, akajifunza huko kutazama pumzi na hisia za mwili, kisha akayarudisha mafundisho hayo India mwaka 1969. Kengele ilituamsha saa kumi alfajiri. Tulikaa kwa saa kumi hivi kila siku, macho yamefumbwa, bila kuongea wala kutazamana. Siku ya tano nililia sana. Siku ya kumi nilitoka nimepungukiwa na kitu kizito nilichokuwa nimekibeba tangu mwaka 2003, nilipokuwa mtoto na mji wetu ulipowaka. Hayo ni kweli na siyakani. Yalinifaa.

Lakini kabla ya kukubaliwa kuna fomu. Inauliza kama umewahi kuugua akili, na kama unatumia dawa, ni zipi. Niliijaza mbiombio, hapana, hapana, nikasahau. Mimi nilisimamishwa mlangoni nikaulizwa. Mlango huo sikurudi nao nyumbani.

Nilimwambia mdogo wangu kwamba vidonge ni fimbo ya kilema, naye ana miguu. Nikamwambia madawa ni ya Wazungu wanaotazama nyama tu, ilhali Wahindi waliijua nafsi tangu kale. Shangazi alikuwa akimpa kidonge kila jioni kwa mkono wake, akisubiri ameze. Nikamfundisha kukificha chini ya ulimi. Asubuhi ananikabidhi, nami natumbukiza chooni. Kisha tunafunga mlango wa chumba cha nyuma, tunateremsha pazia, na kukaa chini macho yamefumbwa, tukitazama pumzi inavyoingia na kutoka puani. Dakika kumi, halafu ishirini, halafu saa nzima.

Baada ya kukaa nilimpa hekima. Nikamsimulia Arjuna wa Bhagavad Gita, shujaa aliyesimama kati ya majeshi mawili, akawaona upande wa pili babu yake, mwalimu wake na binamu zake. Viungo vikamlegea, kinywa kikakauka, ngozi ikawaka moto, upinde ukamponyoka mkononi. Wako madaktari wa akili wa Kihindi wanaoisoma sura hiyo kama picha ya mtu aliyeelemewa na hofu, na maneno ya Krishna, mwendesha gari lake la vita, kama ushauri nasaha wa kale. Nilijivunia kuyajua. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Yaya, kwa hiyo huyo rafiki yake alimwambia ainuke akawaue ndugu zake?"

Nikaanza kueleza kwamba vita ile ni mfano, kwamba hata Gandhi aliisoma kama vita ya ndani ya moyo. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu ya mdogo kwa mkubwa. Nilikuwa nimemletea kijana wa Djugu, aliyekimbia kwao majirani walipokatana mapanga, kitulizo chenye hadithi ya ndugu kupigana na ndugu. Swali lake lilikuwa kamili. Mimi nililiona la kitoto.

Majuma mawili ya kwanza yalinidanganya. Mate yalikauka. Mabega yalilegea. Alicheka, akatembea kama zamani, akacheza hata danadana uani. Shangazi alimshukuru Mungu na muuguzi. Mimi nilijishukuru mwenyewe. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba dawa hii ikiachwa, ukakamavu unaweza kutangulia kuondoka, na ugonjwa ukarudi nyuma yake taratibu, ukinyata. Nilichokiita uponyaji kilikuwa ni dawa inayotoka mwilini.

Juma la tatu aliniambia hapendi tena kufumba macho. Nikamwambia avumilie, hata mimi nililia siku ya tano. Sikuelewa tofauti yetu. Kwa mtu aliyetulia, kimya ni nafasi ya kupumzika. Kwa mtu mwenye sauti kichwani, kimya ni kuzima redio ya jirani ili ile ya ndani isikike vizuri zaidi. Kila asubuhi nilimfungia chumbani pamoja na wale waliokuwa wakimtesa, nikateremsha pazia, nikamwambia asikilize.

Usiku mmoja wa Juni 2021 alitoka mbio. Jimbo letu la Ituri lilikuwa na mwezi mmoja tu chini ya utawala wa kijeshi, na usiku wa Bunia haukuwa wa mtu kukimbia ovyo huku akipiga kelele. Tulimfukuza watu watatu, tukamkamata kabla hajafika kwenye taa za njia kuu. Tukamrudisha tukimburuta. Wajomba wakasema afungwe, asije akapigwa risasi. Tukamfunga kwa kamba ya mbuzi kwenye nguzo ya baraza, usiku ule na uliofuata. Fundo la mguu wa kushoto nililifunga mimi.

Asubuhi ya tatu shangazi alimpeleka kwenye chumba cha maombi. Nilifuata nyuma nikinung'unika, maana siku zote niliwasema watu wa maombi kwamba wanawazuia wagonjwa kwenda hospitali. Mchungaji alimtazama mdogo wangu, hakupandisha sauti wala hakumshika kichwa. Akauliza kwanza: "Huyu anakunywa dawa za hospitali?"

Shangazi akasema ndiyo, nampa mwenyewe. Mchungaji akanigeukia mimi, pengine kwa sababu nilikuwa nimeinamisha uso. Nikasema: "Anakunywa."

Mchana tulikuwa kwa Mama Muganga. Naye akauliza lilelile. Nikasema tena: "Anakunywa, hajakosa hata siku moja." Kama mtu anakunywa dawa na bado anakimbia usiku, basi dawa haimtoshi. Mama Muganga akaongeza dozi mara mbili. Na shangazi, kwa kuwa sasa alikuwa na hofu, akaanza kusaga vidonge na kuvitia katika uji. Ulimi haukuweza tena kuficha kitu. Mwili uliokaa majuma mengi bila hata chembe ya dawa ukapokea dozi nzito kwa mara moja.

Siku ya pili shingo yake ilipinda upande wa kulia ikakataa kurudi. Macho yakapanda juu yakabaki huko. Taya likakaza. Wanawake wa uani wakapiga yowe kwamba pepo ameonyesha uso. Tulimpakia kwenye pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia shingo, na njia nzima nilisikia meno yake yakisagana karibu na sikio langu.

Mama Muganga alimchoma sindano. Haikupita nusu saa shingo ikalegea, macho yakashuka, akaomba maji. Ndipo yule mama akanivuta pembeni, chini ya ukuta wenye picha za chanjo.

"Alikuwa anakunywa?"

"Hapana."

Hakunikaripia. Alisema, "Mimi nilipima dozi kwa maneno yako." Kisha, baada ya kunyamaza kidogo: "Na hao Wahindi wako, wagonjwa wao wanawatibuje?"

Sikujua. Miaka mitatu nimekula wali wao, nimejivika hekima yao, na swali hilo moja sikuwa na jibu lake. Nilirudi kibandani, nikaacha simu za watu juu ya meza, nikaanza kusoma yale niliyopaswa kuyasoma kabla ya kumgusa mtoto wa watu.

Nilianza na Charaka, kile kitabu kikuu cha tiba ya Ayurveda. Kina sura nzima juu ya wazimu. Na mahali pengine kinataja tiba za namna tatu: ya kimungu, yaani maombi na sadaka, ya hoja, yaani chakula na dawa zinazopimwa kulingana na ugonjwa, na ya kuituliza nafsi ili isikimbilie yanayoidhuru. Zote tatu zinatajwa pamoja. Shangazi, ambaye hajui hata Kihindi kinaandikwaje, alikuwa amezifuata tatu zote: kituo cha afya kwa dawa, chumba cha maombi kwa Mungu, na uji wa moto na maneno mazuri kwa nafsi. Aliyechagua moja na kutupa mbili ni mimi, mwenye kujidai mjuzi wa India.

Nikasoma kwamba hata dai langu la vidonge vya Wazungu lilikuwa la mtu asiyejua. Mizizi ya sarpagandha ilitumiwa India tangu zamani kuwatuliza wenye wazimu. Mwaka 1931 madaktari wawili wa Kihindi, Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, waliandika jinsi inavyowasaidia wagonjwa wa akili na wa presha. Mwaka 1952 maabara moja ya Uswisi ikakamua kutoka kwenye mizizi hiyo dawa iitwayo reserpini, ikawa miongoni mwa dawa za kwanza za kisasa za maradhi ya akili. Na mti ulio ndugu wa sarpagandha unaota Afrika, katika misitu ya Kongo hii hii, nao una reserpini ndani yake. Nilikuwa nimeweka mpaka kati ya nafsi ya Wahindi na kidonge cha Wazungu, na mpaka huo ulikuwa kichwani mwangu peke yangu.

Kisha nikalifikia lile geti nililolipita kwa basi. Mwaka 2007 wataalamu wa NIMHANS na wenzao walichapisha utafiti juu ya yoga kwa wagonjwa wa skizofrenia. Kundi moja lilifanya yoga, jingine mazoezi ya viungo. Waliofanya yoga walipata nafuu zaidi katika baadhi ya dalili. Nilipofika hapo moyo ulipanda, nikasema, basi nilikuwa sahihi. Kisha nikasoma vizuri: wagonjwa wote waliendelea kunywa dawa zao. Yoga iliongezwa juu ya dawa. Haikukalishwa kwenye kiti cha dawa.

Na sikuachiwa nikimbilie India ya ndotoni. Tarehe 6 Agosti 2001, huko Erwadi, Tamil Nadu, moto uliwaka katika kibanda kilichohifadhi wagonjwa wa akili walioletwa karibu na kaburi takatifu kutafuta uponyaji. Walikuwa wamefungwa minyororo. Watu 28 wakafa, hawakuweza kukimbia. Sheria ya India ya mwaka 2017 sasa inakataza kumfunga mgonjwa wa akili mnyororo. Nilisoma habari hiyo usiku, nikaenda barazani nikaitazama ile nguzo. Kamba ya mbuzi bado ilikuwa imening'inia.

Lakini palikuwa pia na Amritsar. Katika miaka ya 1950, daktari Vidya Sagar alikuta hospitali ya wagonjwa wa akili imefurika watu waliotelekezwa na jamaa zao. Akawaita jamaa, akawapigia mahema ndani ya ua wa hospitali, wakakaa na mgonjwa wao, wakawa wanafundishwa ugonjwa ni nini na namna ya kuishi nao nyumbani. Mahema tunayajua sisi watu wa Bunia. Na kulala na mgonjwa chini ya kitanda chake cha hospitali, na sufuria na mkeka, kwetu ni jambo la kila siku. Nilisafiri bahari nzima kutafuta kitu ambacho shangazi alikuwa anakifanya kila jioni kwa mkono wake, kidonge kimoja na kikombe cha maji, akisubiri mtoto ameze.

Kilichonivunja kabisa ni Patanjali, mwalimu wa yoga. Njia yake ina viungo vinane, na watu huvifananisha na ngazi. Kutafakari, kule kukaa kimya nilikomfundisha mdogo wangu, ni ngazi ya saba. Kabla yake kuna mwenendo, nidhamu, mkao, pumzi, kuzirudisha hisia ndani, na kuikaza nia. Nilimpandisha mtu juu ya ngazi isiyo na vidato vya chini. Na ngazi ya kwanza kabisa, ile ya mwenendo, ina makatazo matano. La kwanza ni kutodhuru. La pili ni kusema kweli.

Kutodhuru, na kusema kweli. Niliyavunja yote mawili, kwa mpangilio huohuo.

Maana bado sijamaliza. Siku ile shingo ilipopinda, jirani mmoja alinikuta nje ya kituo cha afya akaniuliza kulikoni. Nilikuwa bado natetemeka, na jibu lililokuwa karibu na ulimi lilikuwa hili: "Mambo ya vyumba vya maombi. Walimwachisha dawa." Uongo huo haukuhitaji kusukumwa. Kuna mahali ambapo jambo hilo limetokea kweli, kwa hiyo ulipata kiti mara moja. Kufikia Jumapili mtaa mzima ulikuwa nao. Mama mmoja alimtolea mchungaji maneno mabaya sokoni mbele ya watu. Mimi nilisikia, nikaendelea kufungua skurubu za simu ya mteja.

Shangazi nilimwambia kwanza. Nilimkuta akitwanga sombe. Nilisema yote, ulimi, choo, pazia, "anakunywa" ya kwanza na ya pili. Hakusimamisha mchi. Alitwanga mpaka majani yakalainika kabisa, ndipo akasema, "Nilidhani mkono wangu ndio mbaya. Nilidhani mimi ndiye sijui kutoa dawa." Alikuwa amekaa miezi mizima akijilaumu, na mimi nilikuwa nakula chakula chake.

Mdogo wangu sasa anakunywa dozi ndogo, pamoja na kidonge kingine kinachopunguza ule ukakamavu, kidonge ambacho tungekipata tangu mwanzo kama mimi, badala ya kutoa hekima, ningemwambia Mama Muganga kwamba mate yanamtoka. Kila mwezi tunakwenda pamoja. Wakati mwingine zahanati imeishiwa, tunazunguka maduka ya dawa mpaka tupate. Jioni nyingine yeye mwenyewe huniambia tukae tupumue. Tunakaa barazani, mlango wazi, macho wazi, tukitazama pikipiki zinavyopita na watoto wanavyokimbizana, dakika tano tu. Akisema imetosha, imetosha. Maneno haya nimemsomea. Amekubali yatoke bila jina lake, na ameniomba niandike kwamba lile swali la Arjuna bado sijamjibu.

Kwa mchungaji nilikwenda mwisho, kwa sababu nilimwogopa kuliko wote. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza. Nilipomaliza nikamwomba msamaha. Alikaa kimya, halafu akasema: "Mimi nimekusamehe. Lakini ulinisema barabarani, na chumbani humu tuko wawili. Rudi ukaseme ulipokuwa umesemea."

Nilijaribu kumwambia mtu mmoja mmoja. Nikagundua kwamba kila ninapofika kwa jirani nalainisha neno hili, naondoa lile, natia bahati mbaya mahali pa uongo. Ndiyo maana nimeandika, ili maneno yabaki yalivyo.

Mchungaji hakumwachisha mtu dawa. Nilimwachisha mimi.